Niligawa programu bure, sasa simu hazinipi usingizi

Anti, shikamoo.

Nimekusoma tangu nikiwa mwanafunzi, na sikuwahi kufikiri siku moja ningekuandikia, tena si kwa sababu ya mume wala mawifi. Tatizo langu ni la kompyuta, ila limeshaingia mpaka chumbani.

Nina miaka 43. Ni mhandisi wa mtandao katika chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja. Mwaka 2013 intaneti yetu ilikuwa balaa. Wanafunzi maelfu, laini nyembamba, na wachache wanapakua filamu usiku kucha hadi mhadhiri asubuhi anashindwa kufungua hata barua pepe. Mifumo ya kununua ilikuwa ghali, leseni zake zinalipwa kwa dola kila mwaka. Basi mimi na wenzangu watatu tukajifungia tukatengeneza wa kwetu. Tulichukua FreeRADIUS, ile programu huria inayothibitisha nani aingie kwenye mtandao na nani asiingie, tukaizungushia vitu vyetu. Mwanafunzi anafungua ukurasa wa Kiswahili, anaandika namba yake ya usajili, mfumo unamtambua na kumpa mgawo wake. Akiumaliza mgawo wa siku anapunguziwa kasi, hakatwi. Hilo la kutomkata tulilibishania wiki nzima, na mpaka leo ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Ilifanya kazi. Nikaenda kwenye mafunzo ya wahandisi wa vyuo, nikasimulia, watu wakaiomba. Tukaiweka wazi chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, anayetaka achukue. Marehemu mama alizoea kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na siku ile nilijiona mtoto wake kweli. Leo, kwa hesabu yangu, inatumika kwenye taasisi zisizopungua 30, hapa nchini, Kenya na Malawi, pamoja na hospitali moja ya misheni huko vijijini.

Sasa sikiliza. Mwenzetu wa kwanza alichukuliwa na kampuni ya simu kwa mshahara mara tatu. Wa pili alikwenda kusoma Ujerumani, hakurudi. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa ubongo wa kitengo, alistaafu mwaka jana tukamfanyia keki. Nafasi zao hazijajazwa. Nimebaki na kijana wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hodari, ila kila Juni hajui kama Julai atakuwepo.

Na kazi yangu rasmi si hiyo programu. Kazi yangu ni mtandao wa chuo: swichi, nyaya za faiba zinazokatwa na wachimba mitaro, wifi ya mabwenini, umeme ukikatika na jenereta ikagoma. Programu naihudumia kwa saa zinazobaki, na saa zinazobaki ni za usiku. Julai 2024 ilipotangazwa dosari ya BlastRADIUS, ambayo ilikuwa imelala kwa miaka mingi ndani ya RADIUS yenyewe, yaani itifaki (kanuni za mawasiliano) ambayo FreeRADIUS inaitumia, sikupata usingizi siku tatu. Kujaribu marekebisho, kuandika maelekezo, kuwatafuta waliokuwa bado wanatumia toleo letu la 2017. Wawili walinijibu kwa ukali: kwa nini hatukuambiwa mapema?

Yule wa hospitali ndiye anayenimaliza. Ni fundi mmoja tu pale, alijifunza mwenyewe. Ananipigia saa nane usiku, "Mama, mtandao umegoma, maabara hawawezi kutuma majibu wodini." Nimkatie simu?

Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la saba aliniletea swali la hesabu. Nikamwambia subiri kidogo. Nilipoinua kichwa alikuwa amelalia daftari. Baba yake hakusema neno. Alimbeba, akampeleka kitandani, akanitazama tu. Heri angegomba.

Mkurugenzi wetu mpya ananiambia mambo mawili. Leo anasema niachane na watu wa nje, chuo hakinilipi kwa ajili yao. Kesho anasema kama programu ni mali kiasi hicho basi tuiuze, kila taasisi ilipie leseni. Halafu kuna mtu aliyejitokeza mtandaoni miezi mitano iliyopita. Sijawahi kumwona sura. Anatuma marekebisho mazuri mno, ya mtu anayejua kazi. Juzi ameniandikia: "Naona umechoka, dada. Nipe funguo za hazina ya msimbo niwe natoa matoleo mwenyewe, wewe upumzike." Hazina hiyo ndipo tunapohifadhi msimbo, maandishi yenyewe ya programu. Watumiaji wawili nisiowafahamu nao wameanza kunitumia barua pepe, mpe huyu, kazi imekushinda. Nilipoisoma ile ya kwanza machozi yalinitoka, Anti. Ya nafuu.

Niache? Niuze? Nimpe? Au niendelee hivi hivi mpaka nami nikatiwe keki?

Mama Mtandao, Tanzania

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umeandika habari za wanafunzi, wenzako, mkurugenzi, hospitali, na hata swichi. Neno "nimechoka" hukuliandika popote. Limo mara moja tu katika barua nzima, na limetoka kwa mtu usiyemjua sura. Ndiyo maana ulilia. Hebu liandike nawe kwa mkono wako kabla hatujaendelea.

Kabla sijawa Anti wa safu hii nilikuwa mkutubi wa chuo kwa miaka 19, kwa hiyo hadithi yako naijua kutokea upande wa pili, upande wa wanaopokea. Nakumbuka disketi za CDS/ISIS, programu ya kumbukumbu za maktaba ambayo UNESCO waliigawa bure. Tuliipokea kama zawadi ya arusi. Ilipokwama tulinung'unika, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nani kule Paris anakesha nayo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale wawili waliokujibu kwa ukali mwaka 2024 naweza kuwatetea kidogo: walidhani upande wako kuna ofisi yenye meza kumi.

Na hapo nina swali la kwanza. Nani amewaambia kwamba mmebaki wawili? Barua yako inaonyesha uliwatafuta kuhusu dosari ya RADIUS, ukawaandikia maelekezo. Sioni mahali ulipowaambia kuwa kitengo chenye watu wanne sasa kina mtu na nusu, na hiyo nusu mkataba wake unaisha Juni. Wamekuwa wageni kwako zaidi ya miaka kumi. Siku ya tatu ilishapita zamani, na jembe hujawaonyesha linakaa wapi.

Swali la pili ni gumu zaidi. Unasema "programu", lakini nikisoma kwa makini naona vitu viwili ulivyovifunga kwenye furushi moja. Kuna msimbo mlioutoa, na kuna wewe. Leseni ya GPL nimeisoma. (Ndiyo, Anti ameisoma. Palipokuwa pagumu mjukuu wangu alinisaidia.) Imesema kwa herufi kubwa kabisa kwamba programu inatolewa bila dhamana ya aina yoyote. Simu ya saa nane usiku haimo. Hiyo uliiongeza mwenyewe kwa wema, na wema huo siubezi hata kidogo, maana hospitali ni hospitali. Ila ulichokiongeza mwenyewe unaweza kukipima upya bila kuwa umevunja ahadi. Sijui ungepunguza nini. Labda usiku ubaki kwa hospitali peke yake, vyuo visubiri asubuhi. Mwanafunzi akikosa intaneti usiku mmoja atalala, na mama yake atashukuru.

Sasa mkurugenzi. Naona umemweka kwenye kundi la wanaokusumbua, na pengine ni kweli, lakini anauliza swali ambalo wakuu wa vyuo wameuliza kwingi: kwa nini tulipie kitu kinachotumiwa na wengine? Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa na timu ndogo iliyotengeneza Gopher mwaka 1991, njia ya kusoma nyaraka kwenye mtandao kabla tovuti hazijashika. Ilipendwa kila mahali. Mwaka 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva yake watalipia leseni. Haukupita muda, tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi kikatangaza kuwa teknolojia yake ya tovuti ni bure kwa wote. Watu wakahama. Gopher ilikuwa na udhaifu wake mwingine, lakini waliokuwepo wanakumbuka ile hofu ya ankara. Mkurugenzi wako anaweza kuisikiliza habari hiyo kuliko akisikia "haiwezekani".

Mwambie pia, kwa upole, kwamba mlichokitoa kwa GPL kimeshatoka. Mnaweza kutoza kwa kufunga mfumo, kufundisha, kuhudumia. Kumzuia aliye nacho asitumie wala asimpe jirani, hamwezi.

Lakini nisikutishe na fedha. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa na Kermit, programu ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta zisizoelewana, iliyoanza mwaka 1981. Wao walitoza kidogo kwa kuisambaza, wakauza vitabu, baadaye wakauza toleo la Windows, na fedha hiyo ikawalipa watu waliokuwa wakiitunza. Ilidumu chuoni miaka 30. Mwaka 2011 chuo kilipofunga mradi, msimbo ulitolewa kwa leseni huria, na kiongozi wake akaendelea kuutunza kwa nguvu zake mwenyewe. Unaweza kuisoma habari hiyo kama ya mafanikio au kama ya mzee aliyeachiwa mzigo. Mimi kila nikiisoma nabadilisha mawazo.

Wakutubi tuna mfano mwingine, ambao naupenda kwa upendeleo wa kikazi. Koha, mfumo wa maktaba ambao huenda umo hata chuoni kwenu, ulitoka kwenye maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, zilizouagiza mwaka 1999 na kuugawa bure. Leo unahudumiwa na kampuni na wajitolea wa nchi nyingi, na zile maktaba hazikeshi nao. Bei yake? Waanzilishi hawana tena neno la mwisho, na uliwahi kuzuka ugomvi mrefu juu ya nani anamiliki hata hilo jina. Ukiwaza kulipeleka jambo lako TERNET, ambao kazi yao ni kuunganisha vyuo vyetu, au kuwakutanisha na wenzao wa Kenya, KENET, uwe tayari kwa hayo. Kutakuwa na vikao. Mtu atapendekeza nembo mpya. Kijana fulani atataka kumkata mwanafunzi aliyemaliza mgawo, na wewe utakuwa na kura moja tu. Utaliweza hilo? Nauliza kwa sababu sentensi yako ya fahari kuliko zote ilikuwa hiyo.

Halafu kuna huyu mgeni. Hapa, mwanangu, nilivua miwani nikaifuta.

Wewe unaifahamu habari ya xz kuliko mimi, lakini acha niisimulie kwa ajili ya wasomaji. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo kwenye seva nyingi duniani zinazotumia Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta. Ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, naye alikuwa amelemewa. Akajitokeza msaidizi mzuri aliyejiita Jia Tan. Zikaja na barua pepe za watu wasiojulikana, zikimshinikiza mtunzaji aruhusu mikono mipya. Kwa zaidi ya miaka miwili yule msaidizi alifanya kazi safi, akapewa madaraka, na mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri ndani ya matoleo mapya. Uligunduliwa Machi mwaka huo na mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde.

Sisemi mtu wako ni huyo. Anaweza kuwa kijana wa Mbeya au Kisumu mwenye haya ya kuonyesha sura, na ukimfukuza utampoteza mtu uliyekuwa ukimwomba Mungu akuletee. Kinachonikosesha raha ni wale wawili waliomfuata nyuma. Umejaribu kuwauliza wanatoka taasisi gani? Na yeye, umewahi kumwomba mzungumze kwa simu ya video, au akutajie mtu mmoja mnayefahamiana? Pia angalia maneno yake: kupokea kazi yake ni jambo moja, kumkabidhi funguo ni jambo jingine, naye ameomba funguo. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana. Mnaweza kuweka utaratibu kwamba hakuna toleo linalotoka bila macho ya watu wawili, na mmoja wao awe mtu unayeweza kumgongea mlango. Mwenye nia njema mara nyingi huona utaratibu wa namna hiyo ni wa kawaida. Hata hivyo wapo wenye nia njema wanaonuna, kwa hiyo kununa peke yake kusikuamulie.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye mfumo huu mna namba za usajili na kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Sijui mkataba wako wa ajira unasemaje, wala kama chuo kiliidhinisha kwa maandishi mlipoitoa programu. Mara nyingi kazi uliyoifanya kwa mshahara wa mwajiri, haki zake za kiuchumi ni za mwajiri. Kabla hujatoa, hujauza wala hujakabidhi chochote, kaa nusu saa na mwanasheria wa chuo. Unaweza kutoka pale ukiwa na wasiwasi zaidi kuliko ulioingia nao, lakini heri uujue.

Kijana wa mkataba umempa sentensi moja. Mimi nimemfikiria sana, kwa sababu katika watu wote wa barua hii ni yeye tu aliyekaa karibu nawe, anayeijua programu na ambaye sura yake unaijua. Umesema nafasi hazijajazwa. Umeshaandika kuombea hata moja, ukiambatisha ushahidi? Katika ofisi zetu maneno hayatembei, hutembea karatasi. Taasisi 30 zikiandika kila moja barua yenye nembo na mhuri, kwamba mfumo wa chuo chenu ndio unaoziweka hewani, mkurugenzi ataingia na kitu mkononi kwenye kikao cha bajeti. Huenda wasimpe. Huenda nusu ya taasisi zisiandike, na hapo nawe utakuwa umepata jibu fulani kuhusu nani anastahili usiku wako. Na kuacha kabisa nako ni njia, sikufichi. Ukitangaza tarehe mapema, ukatoa toleo la mwisho lililo safi na maelekezo yanayosomeka, hutakuwa umemtupa mtu. Ila yule wa hospitali itabidi umfikirie peke yake, siyo kwenye kundi.

Kuhusu nyumbani, umekisoma kimya cha mumeo kuwa ni lawama. Inawezekana. Mimi nimeona pia mwanamume aliyembeba mtoto ili wewe umalize. Ni yeye tu anayejua alikuwa yupi kati ya hao, na barua yako haionyeshi kama umemuuliza.

Kabla hujamjibu mtu yeyote, mgeni wala mkurugenzi, nakuomba kitu kimoja. Siku moja ya kazi, saa za kazi, kaeni wewe na kijana wako muandike unachokifanya hospitali inapopiga saa nane usiku, hatua kwa hatua, tangu simu inaita mpaka unarudi kulala. Zikitoka kurasa mbili, mtumie yule fundi, kisha umpigie wewe safari hii, mchana, azipitie ukimsikiliza. Zikitoka 40, niandikie tena.

Anti